Mbu Wasio na Mrija

Wewe unayenisikiliza, nikikuwekea mdudu kwenye kiganja sasa hivi, utahesabu nini kwanza: miguu au mbawa?

Wengi husema mbawa, kwa kuwa mbawa ndizo zinazong'aa. Mimi nakwambia anza na miguu. Ikiwa sita, tunaye, tuendelee. Ikiwa minane umeshika buibui, au kupe, au ng'e, na hao wana ukoo wao, waache. Ikiwa mingi mpaka umepotea njiani, hilo ni jongoo, unapoteza muda wangu na wake. Ukishapata sita, tazama mwili umegawanyika vipi: kichwa, kifua, tumbo. Ndipo uje kwenye mbawa.

Mwenye mbawa nne ana jamaa wengi. Kipepeo ukimgusa anakuachia unga vidoleni. Nyuki ana manyoya mwilini, nyigu ni mtupu, na kiuno cha nyigu kimebanwa kama kimefungwa uzi. Mbawakawa amezifanya mbawa mbili za mbele kuwa ngumu, anazifunga mgongoni kama milango ya kabati, na mstari wa katikati umenyooka kama umepigwa rula. Kunguni wa mimea utamdhania mbawakawa mpaka umgeuze: mbawa zake zinapishana nyuma, na chini ya kidevu amekunja mdomo mrefu kama mtu aliyeficha kisu. Kereng'ende hajui kukunja. Hata akipumzika mbawa ziko wazi kama mikono.

Mwenye mbawa mbili tu, mchungulie nyuma ya hizo mbawa. Utaona vijiti viwili vyenye vichwa, kama njiti za kiberiti. Huyo ni wa ukoo wa nzi. Mbu naye ni wa ukoo huo huo, usidanganyike na wembamba wake.

Nina darasa la saba na semina ya miezi sita. Naitwa Tusekile, na katika kijiji cha Ipande, huku Kyela ziwa linapoanzia, mimi ndiye mtambuzi. Kila kijiji chenye Mnara wa kuulia mbu lazima kiwe na mtambuzi, kama vile kila shule lazima iwe na mwalimu. Macho yangu ni mazuri, hata leo natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Kosa ninalotaka kukusimulia halikuwa la macho.

*

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, Mwenyekiti wetu wa kijiji, Angumbwike, alinijia asubuhi ameshika kofia yake kama mtu aliyebeba bakuli la uji.

"Ugonile, mama."

"Ndaga, Mwenyekiti. Maua hayo? Mjane wa miaka sitini na nane, umechelewa kidogo."

Siku nyingine angecheka mpaka akohoe. Siku hiyo aliyamimina tu mezani pangu. Yalikuwa maua ya kakao, meupe, madogo kama kifungo cha shati la mtoto.

"Yameanguka yote," alisema. "Nimepita miti mia nne, matunda niliyoyaona ni kumi na moja. Mwaka juzi nilisema ni jua. Mwaka jana nikasema ni udongo. Mwaka huu mvua ni nzuri, samadi nimeweka, sasa nimsingizie nani? Mke wangu ameanza kunitazama mimi."

Nilichukua ua moja nikalipasua kwa ukucha. Ua la kakao huota kwenye shina lenyewe, si kwenye vijiti, na ndani yake chavua imefunikwa na vifuniko vitano vilivyojikunja, kama mtu aliyejifunika shuka mpaka kichwani. Nyuki hapiti pale. Nyigu ndiyo kabisa.

"Anayeingia humu ni mdogo kuliko punje ya ufuta," nilimwambia. "Ni nzi. Anazaliwa kwenye migomba iliyooza."

"Basi aje afanye kazi yake!"

"Kaa hapo unywe chai. Ngoja nimtafute alipo."

Nilijua pa kumtafuta. Kila Jumatatu Mnara hudondosha kisanduku chenye ukubwa wa kiberiti. Ndani wamo wadudu mia moja katika wale waliouawa juma hilo, na juu kuna karatasi iliyoandikwa: MBU, MIA MOJA. Kazi ya mtambuzi ni kufungua, kuhakiki na kutia dole. Nikuambie ukweli hapahapa. Juma la kwanza kabisa nilifungua, nikatazama kwa macho matupu, nikaona miguu sita mirefu na mbawa mbili, nikatia dole. Baada ya hapo nilitia dole kisanduku kikiwa kimefungwa, kama mtu anayeitikia amina kabla dua haijaisha. Visanduku vyenyewe nilivipanga kabatini kwa tarehe. Vilikuwa zaidi ya mia mbili.

Nikafungua cha jana yake. Safari hii nilichukua kioo cha kukuza na kibanio, nikawatandaza juu ya sahani nyeupe, mmoja mmoja.

Mbu ana mrija. Hilo shika. Ni mrefu, umenyooka, unatangulia mbele ya kichwa kama mkuki, na dume na jike wote wanao. Halafu kwenye mishipa na ukingo wa mbawa zake kuna magamba membamba, utadhani amepitishwa kwenye vumbi la unga. Wa namna hiyo nilipata sabini na mmoja. Ishirini na saba walikuwa warefu wa miguu kama mbu, ila mdomo mfupi, mrija hakuna, na madume yao wana vipapasio vyenye manyoya mengi kama unyoya wa jogoo. Hao hakuna mtoto wa ziwa hili asiyewajua. Ndio kungu, nzi wa ziwani, wanaonyanyuka kutoka majini kama moshi wa kijiji kinachoungua. Hawaumi mtu. Viluwiluwi vyao ni chakula cha samaki, na wao wenyewe tulikuwa tunawavuna, tunawaponda, tunawafinyanga mikate na kuikausha. Nikakumbuka kwamba sijaona moshi huo juu ya maji miaka miwili.

Waliobaki walikuwa wawili. Wadogo, weusi, mbawa wamezilaza mgongoni moja juu ya nyingine kama mkasi uliofungwa.

"Huyu hapa mfanyakazi wako," nilimwambia Angumbwike.

Aliinama akatazama. "Mbona amekufa?"

"Ndiyo maana haji."

Nikafungua kisanduku cha mwaka wa kwanza. Wenye mbawa za mkasi walikuwa thelathini na wanne. Cha mwaka wa pili, ishirini. Cha mwaka wa tatu, tisa. Mbu walikuwa wakizidi kila mwaka, kwa maana mbu wanaingia kila siku kutoka vijiji visivyo na Mnara, hawaishi. Hawa wadogo hawatoki mbali. Wakiisha kwenye migomba yetu, wameisha.

Chai ya Mwenyekiti ilipoa hajainywa.

*

Mnara uko nyuma ya zahanati. Una ngazi sitini na mbili, na fundi wake ni mwanangu Ambokile.

"Mama!" aliita aliponiona natokeza kichwa. "Na goti hilo?"

"Goti halikusoma semina, nimesoma mimi. Nionyeshe wale mbu elfu moja."

Alikuwa anapanga sungusungu kwenye trei za jua. Ndivyo tunavyowaita hao askari wa Mnara, vimashine vinavyoruka. Ukimwona mmoja utasema punje ya mtama iliyoota mbawa. Ana jicho moja na sindano moja. Akikutana na kitu kinachoruka anakipiga picha, picha inakwenda Mnarani, Mnara unailinganisha na wale uliofundishwa, na jibu linarudi kabla hujapepesa: acha, au choma. Maelfu ya mara kwa saa, mchana na usiku, kutoka ukingo wa ziwa mpaka mwisho wa mashamba. Na Mnara una sheria moja ambayo hakuna fundi anayeweza kuifuta: usiyemjua, usimwue.

"Wale wa kufundishia?" Ambokile alifuta mikono. "Wa nini leo, Mama?"

"Nionyeshe."

Akanionyesha kwenye kioo kikubwa. Picha ya kwanza, nikaona mwandiko wangu pembeni. Ya pili, mwandiko wangu. Wadudu wenyewe walikuwa wanang'aa kama samaki aliyekaangwa. Mbawa zimegandana. Gamba hata moja hakuna. Vichwa vingi havina mrija, na katika hivyo, vingine ulikuwa umevunjika, na vingine haukuwahi kuwapo.

Nilikaa kwenye kopo la rangi lililokuwa pale.

"Mama, hao si mbu?"

"Wengine ni mbu niliowavunja midomo," nilisema. "Wengine ni kungu. Nilichanganya mimi, na Mnara ukajifunza kwamba mwembamba yeyote wa mbawa mbili ni mbu."

Sasa sikiliza namna ilivyokuwa. Tulipoambiwa kijiji kilete mbu elfu moja ili Mnara ufundishwe, sisi akina mama wa Ipande hatukuuliza njia, kwa sababu njia tulikuwa nayo tangu bibi zetu. Unachukua sufuria pana, unaipaka mawese ndani, unakimbia nayo kwenye wingu la kungu ukiizungusha, nao wananata. Halafu maji ya moto, wanatoka. Basi tukaingia kwenye matete jioni na sufuria zetu za mawese, tukizungusha na kuimba, tukarudi na mbu wa kutosha. Kwa mkate wa kungu, nani anajali mdomo wa nzi? Lakini mawese yanaondoa magamba ya mbawa, na maji ya moto yanakata mrija kama tambi. Na kungu nao walikuwamo kwenye matete jioni hiyo. Mwalimu wa semina alikuwa amesema: wavu laini, chupa kavu. Nilimsikia vizuri. Nilipowapanga kwenye vioo niliona pia kwamba mirija haipo, nikajua kwamba siwezi kuapa huyu ni nani na yule ni nani.

Nikaandika mbu kwa wote.

Ilikuwa siku ya tisa tangu tumzike Tupokigwe, binti wa kwanza wa Ambokile. Alikuwa na miaka mitano, na malaria ilimchukua kwa siku mbili. Kila siku ambayo Mnara haukuwashwa niliiona kama siku niliyoiiba mimi mwenyewe kwa mtoto wa mtu mwingine. Kurudia kukusanya kungechukua wiki tatu. Sikuwa na wiki tatu moyoni.

Ambokile alisikiliza yote hayo, na habari ya visanduku, amesimama. Kisha akasema, polepole kama anavyosema akiwa na hasira, "Sawa. Nitauongezea picha nzuri. Mwisho wa habari."

"Ulinieleza mwenyewe kwamba hauongezewi juu ya uongo. Ukimfundisha mtoto kwamba saba na nane ni kumi na sita, utaandika kumi na tano pembeni halafu umwache achague?"

"Ili usahau kundi lote la mbu lazima nizime sungusungu wote. Siku ishirini na moja, Mama. Usiyemjua usimwue. Hatakufa hata mbu mmoja kwa siku ishirini na moja, tena katikati ya masika."

"Najua hesabu hiyo."

"Na miaka minne hii unaijua? Jeneza dogo halijatoka Ipande miaka minne. Hata moja. Nenda kwa jirani zetu uwaulize wao wametoa mangapi." Aliirudisha trei ya sungusungu juani. "Hao nzi wako wa mkasi watatusamehe."

"Hawatatusamehe, watakwisha. Walikuwa thelathini na wanne, sasa wawili. Ukisubiri mpaka kiangazi hatutakuwa na wa kumsubiri. Kakao imekwenda, kungu wamekwenda, na samaki anayekula viluwiluwi vya kungu yuko njiani kuondoka. Utawalinda watoto wasiumwe na mbu, halafu uwalishe nini?"

Akageuka dirishani. Upande ule linaonekana ziwa lote, jeupe, bila moshi.

Kitu kimoja hujakijua bado. Mnara hausahaulishwi na mtu mmoja. Kuna bamba la chuma lenye alama mbili za viganja, kimoja cha mtambuzi, kimoja cha fundi, na lazima viwekwe pamoja. Waliotuletea walisema ni kwa usalama. Hawakufikiria kwamba mtambuzi na fundi wanaweza kuwa mama na mwana.

"Mkono wangu hutaupata," alisema Ambokile, bado amenipa mgongo.

*

Mkutano ulifanyika Ijumaa kwenye ghala la kakao, maana lilikuwa tupu na nafasi ilikuwa kubwa. Nilisimama mbele nikasema yote, kuanzia mawese mpaka dole langu kwenye visanduku vilivyofungwa. Sikulia. Aliyekosea akilia, watu wanahangaika kumbembeleza, na kazi inabaki.

Halafu Mama Sekela, mwuza samaki, jirani yangu wa miaka arobaini, akainuka na kanga yake.

"Kumbe! Miaka miwili nauza usipa wembamba kama uzi, nawatukana wavuvi, kumbe ni sufuria la Tusekile!"

"Na mawese nani alileta?" nilimwuliza. "Si wewe uliyekuja na kidumu kizima ukasema mbu wa Ipande lazima wanukie vizuri?"

Ghala zima likaangua kicheko, naye akacheka, akakaa. Lakini mwanamke mmoja kijana, amebeba mapacha mbele na nyuma, hakucheka.

"Bibi," aliuliza, "ukizima, utaniambia wanangu hawataumwa?"

"Sitakuambia hivyo, mwanangu. Nikisema hakuna atakayeumwa nitakuwa mwongo mara ya pili. Nitakuambia ninachokijua. Mbu wa malaria anauma usiku, kwa hiyo chandarua kinamzuia. Dawa ipo zahanati, na safari hii kila nyumba itakaguliwa kila asubuhi, homa isisubiri siku ya pili. Nami nitakuwa mmoja wa wakaguzi."

"Chandarua!" mtu akapaza sauti. "Changu kimezungushiwa kitalu cha mchicha!"

"Changu wanalala kuku!"

Ilikuwa kweli. Vyandarua vyote vya kijiji vilikuwa vimekwenda kwenye mabanda na bustani tangu Mnara uwashwe. Angumbwike akaagiza kila mmoja akamvue kuku wake. Tukakubaliana siku kumi na mbili za kufua, kushona na kutibu kwa dawa, na kwamba chandarua hata kimoja kikipungua, hakuna kuzima. Akaita kura. Mikono ikainuka, mingi. Yule wa mapacha alikuwa wa mwisho kuinua, akauinua.

Hapo ndipo Ambokile aliposimama.

"Nawaheshimu," alisema. "Lakini mnainua mikono isiyofungua kitu. Mke wangu Lugano ana mimba ya miezi minane, na mjamzito akipata malaria mnajua inavyokuwa. Nilishasema mbele yenu mtoto wangu huyu atazaliwa chini ya Mnara. Narudia leo. Akishazaliwa, akishakua kidogo, njooni tuzungumze."

Wengi walikuwepo siku tulipomzika Tupokigwe. Wengine ndio waliochimba kaburi. Lugano alikuwa ameketi kwenye gunia karibu na mlango, mikono juu ya tumbo, anatazama sakafu.

*

Siku kumi na mbili zikapita. Ipande yote ilinuka sabuni. Nilishona vyandarua thelathini na viwili kwa mkono wangu, na jioni niliingia kwenye matete na wavu laini na chupa kavu, nikimkamata mbu mmoja mmoja kama mtu anayechuma chai. Nikiwapanga kwenye vioo safari hii ungeweza kuhesabu magamba. Kila mmoja ana mrija wake. Kungu niliwapata sita tu, nikawapa chupa yao na jina lao. Wa mbawa za mkasi nilimpata mmoja, kwenye mgomba uliooza nyuma ya choo cha Angumbwike, nikampiga picha nikamwacha hapo hapo akiwa hai.

Kilichobaki kilikuwa mkono mmoja.

Siku ya kumi na tatu, mchana, nilikwenda kwa Ambokile. Lugano alikuwa jikoni nje anamenya ndizi za mbalaga. Nikavuta kigoda, nikachukua kisu cha pili. Tulimenya. Mkwe wangu huyu si msemaji. Katika miaka kumi sijamsikia akipandisha sauti hata kwa mbuzi.

Ambokile alirudi kula, akaniona, akajua.

"Mama, nakuomba."

"Sijasema kitu."

"Umekuja na chupa zako kwenye kikapu, umesema tayari." Alikaa kwenye jiwe la kusagia. "Vyandarua nimeviona. Umefanya vizuri. Lakini chandarua kinatobolewa, mtu anatoka nje mara moja, mbu ni mmoja tu anatosha. Tupokigwe aliumwa na mbu mmoja."

"Ndiyo."

"Sasa mbona unaniomba?"

"Kwa sababu ulichoufundisha ule Mnara si kweli, na aliyekupa uongo huo ni mimi." Niliweka ndizi chini. "Ambokile, nilikuwa na haraka ya kulipiza. Niliandika mbu kwenye kila kitu chembamba chenye mbawa, kwa sababu nilitaka vyote vife. Nilijua wakati ule, na najua sasa. Sikuombi unihurumie. Nakuomba mkono."

Alijishika kichwa. "Na Lugano je? Nimweke yeye rehani ya kakao ya watu?"

"Lugano atalala ndani ya vyandarua viwili, kimoja juu ya kingine. Mimi nitalala mlangoni kwake."

"Lugano hawezi kukaa kwenye vyandarua viwili, joto litamwua!"

"Lugano ni mvumilivu."

"Lugano anaogopa, Mama, hujui tu. Usingizi hapati. Lugano anataka Mnara uwake mpaka—"

"Lugano anataka mtoto wake apate samaki wa kula!"

Kisu kilitua kwenye beseni la maji. Hakikurushwa, kilitua tu, lakini tuligeuka wote wawili.

Mkwe wangu alikuwa ameinua uso. Mimi ninayeona vipapasio vya mdudu asiyefika nusu punje ya ufuta, nilikuwa sijatazama uso ule tangu mimba ilipoonekana. Macho yalikuwa yamezama, na midomo ilikuwa imekauka kwenye pembe.

"Mmemaliza?" aliuliza.

Ambokile alifungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Kijiji kizima kimenipigia kura," alisema Lugano. "Mwenyekiti amenitaja, zahanati wamenitaja, mume wangu amenitangaza ghalani kama mbegu bora. Nimekaa kwenye gunia pale nikasema labda mtu mmoja atageuka aniulize. Hata wewe Mama, mwenye kioo cha kukuza."

"Kweli," nilisema.

"Basi uliza sasa," Ambokile alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nauliza mimi. Unataka nini?"

Lugano akafuta mikono yake polepole kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayevua pete.

"Wekeni mikono yenu, msahaulishe hicho chuma chenu, sitakizuia na sitaki kizuiwe kwa jina langu. Lakini mkono wako, Ambokile, utauweka ukishanifikisha. Nataka nikajifungulie kwetu Tukuyu, kwa mama yangu, kwenye baridi, ambako mbu hata ukimtumia nauli hapandi. Nimelitaka hilo tangu mimba ya Tupokigwe."